Kiti cha pweza anavyoshika jiwe

Maji yakipwa upande wa Michamvi na Jambiani, Unguja, hakosi mtu wa kumbandua kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, apige naye picha. Kazi yangu ni wanyama wa bahari wasio na uti wa mgongo, na mabaharia wanaopeleka wageni huniuliza: mbona anang'ang'ania hivi?

Mambo yako chini yake. Mwinue kidogo humo humo majini uchungulie. Katikati ya kila mkono pana mfereji, na mferejini vimejipanga vijiguu laini, mamia kwa mamia, kila kimoja kikipapasa kivyake. Kila kijiguu kina kifuko chake ndani ya mkono. Kifuko kikijibana, valvu huziba njia ya nyuma, maji yakasukumwa mguuni na mguu ukarefuka, sawa na kuminya chupa ya dawa ya macho. Misuli ya mguu ikijikaza, maji hurudi kifukoni. Mfumo huu umeungana na bahari kwa kidoa kigumu kilichopo mgongoni, chenye vitundu vidogo sana.

Tulifundishwa kwamba ncha bapa ya mguu hunyonya jiwe, na vitabu vingi vya shule bado vinasema hivyo. Mwaka 2012 Elise Hennebert wa Ubelgiji na wenzake, waliomchunguza kiti cha pweza aina ya Asterias rubens wa bahari za baridi za Ulaya, walionyesha kuwa kinachoshika ni gundi. Seli za ncha huitoa, na seli nyingine hutoa kemikali ya kuiachia. Gundi yenyewe hubaki pale pale. Mwache atembee juu ya kioo, kisha kitie kioo rangi ya maabara: nyayo za duara zitajitokeza moja moja. Hakuna mchoro wa ubaoni unaolishinda hilo.

Basi ukimvuta ghafla, hana nafasi ya kuachia. Vijiguu vingine hukatika, ncha zikabaki zimeganda jiweni. Vitaota tena, ila ndivyo pia anavyopatia hewa majini na kunusia chakula.

Mgeni akitaka picha, avae miwani azame alipo mnyama. Na kama ameshabanduliwa, mrudisheni taratibu, msimrushe. Akitua chali hapotei: hupinda ncha ya mkono mmoja au miwili hadi vijiguu viguse chini, vikishika vinamvuta, na mwili mzima unabiruka polepole.