Je, wajua kwa nini kuna majiji yanayomlipia bima mwenzi ambaye hamjaoana?

Fomu ya bima ya mfanyakazi ina kisanduku kimoja kinachowatoa watu jasho: "Mume/Mke". Chukua askari wa kaunti hapa Kisumu, miaka tisa yuko Nyalenda na mama watoto wake. Watoto watatu wanaingia kwa vyeti vya kuzaliwa, hakuna swali. Ikifika zamu ya mama yao, karani anainua macho: "Cheti cha ndoa kiko wapi?" Hapo ndipo "njoo tuishi", yaani kukaa pamoja bila ndoa, inapogonga mwamba.

Dawa tunayoijua ni wakili. Wawili wanakula kiapo kwamba ni mume na mke, muhuri unapigwa, siku imeisha. Lakini hebu isome hati hiyo vizuri. Inasema mmeoana. Kama ayie, zile pesa za ridhaa za mila ya Waluo, ilimfikia mama mkwe, huenda ni kweli, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 haidai ng'ombe wote: pale mila inapotaka mahari, sehemu ndogo tu yatosha kuthibitisha ndoa. Kama hakuna kilichopelekwa kwao, basi mmeapa uongo ili mama apate daktari.

Mwaka 1979, katika jiji la Berkeley, California, mfanyakazi wa jiji aitwaye Tom Brougham alikwama kwenye kisanduku hichohicho. Mwenzi wake alikuwa mwanamume, na sheria ya huko wakati huo haikuwaruhusu kuoana, kwa hiyo hata wakili asingemsaidia. Angeweza kuomba ahurumiwe peke yake. Badala yake alipendekeza kundi jipya kabisa, "mwenzi wa nyumbani", na hapo ndipo naona ujanja wake: kundi hilo, kama Berkeley ilivyolipitisha baadaye, lilikuwa wazi hata kwa mwanamume na mwanamke wasiotaka ndoa. Masharti yalikuwa ya kawaida tu. Mwe watu wazima, mkae nyumba moja, mbebe pamoja gharama za maisha, msiwe ndugu wa damu, na asiwepo mwenye ndoa kwingine.

Hoja iliyobeba kampeni ilikuwa ya mshahara, wala haikuwa ya mapenzi. Bima ni sehemu ya malipo. Wafagiaji wawili wakishika fagio moja na barabara moja, mmoja akatibiwa yeye na mwenzake, mwingine akatibiwa peke yake, basi mmoja amelipwa zaidi kwa kazi ileile.

San Francisco walijaribu mapema. Mwaka 1982 madiwani walipitisha mpango kama huo, meya Dianne Feinstein akaukataa. Berkeley ikapitisha wake 1984. Kisha 1996 San Francisco ikaja na sheria kali zaidi: kampuni inayotaka kandarasi ya jiji iwape wenzi wa nyumbani wa wafanyakazi wake kile inachowapa waliooana. Tunajua wenyewe tenda inavyoweza kubadilisha msimamo wa mtu.

Waliopinga walihofia gharama na udanganyifu, kwamba watu wataandikisha marafiki. Mimi sijaelewa kwa nini hofu hiyo haimgusi mwenye cheti aliyeachana na mkewe kitambo.

Kwetu Kenya, Katiba katika kifungu cha 45 inampa mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Ndoa nayo imeeleza maana ya kukaa pamoja bila ndoa, ikaishia hapo. Yaliyobaki huachiwa mahakama, ambazo zimekuwa zikiwachukulia baadhi ya waliokaa pamoja muda mrefu kuwa wameoana. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuwaita mume na mke watu wawili waliokaa pamoja zaidi ya miaka 25. Mali waligawiwa kwa mchango wa kila mmoja. Majaji pia walilitaka Bunge lifikirie sheria ya watu wanaoishi hivyo, na haki zao.

Sheria hiyo ikija, fomu haitahitaji ukurasa mpya. Chini ya "Mume/Mke" kuna nafasi ya kutosha kisanduku cha pili, palepale karani anapobana hati ya kiapo kwa pini.