Kwa nini mfadhili hununua dawa lakini hukataa kulipia mafuta ya boti?

Itisha mchango Lamu wa kununua dawa za watoto wa Kizingitini, na pesa zitaingia. Kisha waambie watu hao hao kwamba sasa unachangisha petroli ya boti itakayozipeleka dawa, uone simu zitakavyonyamaza. Jambo hili haliko Lamu peke yake, wala si uchoyo. Limefanyiwa utafiti, na jibu lake linamhusu kila anayeendesha kikundi cha kusaidia watu huku visiwani.

Tuitazame kwanza safari yenyewe. Kutoka Lamu mjini hadi Kizingitini, kaskazini mwa kisiwa cha Pate, boti nyingi hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakijaa, boti inapita. Yakitoka, inakwama kwenye tope kando ya mikoko, kwa hiyo nahodha hufuata maji, hafuati saa ya ofisi. Anayeshindwa kungoja huzunguka Manda kwa nje, kwenye bahari kuu, na msimu wa kusi kurudi Lamu kwa njia hiyo ni kupambana na mawimbi huku mashine ikila petroli. Ndani ya boti kuna nesi, kuna sanduku la barafu lenye chanjo, kuna karani anayeandika nani amepewa nini. Kwenye vitabu vya hesabu, petroli na mshahara wa karani huishia katika fungu liitwalo gharama za uendeshaji. Hilo ndilo fungu ambalo mfadhili akiliona huuliza: mbona pesa zangu ziende huko?

Mwaka 2014 watafiti Uri Gneezy, Elizabeth Keenan na Ayelet Gneezy walichapisha majibu yao katika jarida la Science. Barua za kuomba mchango zilitumwa kwa watu 40,000 nchini Marekani, waliogawanywa katika makundi manne yaliyo sawa. Kundi la kwanza lilielezwa mradi tu. La pili liliambiwa kuna mfadhili aliyekwisha kutoa dola 10,000 za kuanzia. La tatu liliambiwa kwamba kwa kila dola watakayotoa, mfadhili huyo ataongeza dola nyingine, mpaka zifike 10,000. La nne liliambiwa dola 10,000 zake zimekwisha kulipia gharama zote za uendeshaji, kwa hiyo kila senti yao itakwenda kwenye mradi wenyewe. Kundi la kwanza lilileta dola 8,040, la pili 13,220, la tatu 12,210. La nne lilileta 23,120.

Gharama za uendeshaji hazikuondoka katika lile kundi la nne. Zililipwa vilevile, ila na mtu mwingine. Maana yake mfadhili wa kawaida hachukii petroli. Anachotaka ni kuhisi kwamba shilingi iliyotoka mfukoni mwake ndiyo iliyomfikia mtoto. Hofu ya kuibiwa ipo pia, na ina sababu, maana michango imekwisha kuliwa mara nyingi mno. Lakini hofu hiyo haitoshi kueleza tofauti kubwa kama hii.

Wazee wetu waliupata ufumbuzi unaokaribiana sana na huu bila barua 40,000. Mtu huweka wakfu duka au shamba la minazi, na kodi au mavuno yake yakalipia mafuta ya taa, maji na matunzo ya msikiti mwaka hadi mwaka. Sadaka ya Ijumaa basi inabaki huru kumwendea mwenye shida. Na kwenye zaka, aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahiki, na la tatu ni la wale wanaoitumikia zaka yenyewe, yaani wanaoikusanya na kuigawa. Mimi naiona aya hii kuwa hoja nzito: kazi ya kufikisha imetambuliwa kuwa ni sehemu ya kutoa.

Vikundi vingi huchagua njia mbaya, nayo ni kuficha. Petroli inaandikwa kwenye bajeti kama "vifaa vya matibabu", karani anageuka "mhamasishaji". Mficha uchi hazai. Mwaka ukigeuka, mfadhili anaamini boti huenda bure, na mwaka wa pili anatoa pungufu. Mwaka 2013 wakuu wa mashirika matatu ya Marekani yaliyokuwa yakipima mashirika ya hisani au kutoa taarifa zake, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliwaandikia wafadhili barua ya wazi wakiwasihi waache kulipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Walikuwa sahihi. Kikundi kinachotumia karibu kila shilingi kununua dawa, kisha maboksi yakangojea stoo mjini Lamu mpaka tarehe zikapita, kina hesabu za kupendeza na hakijamtibu mtu.

Ukiwa na kikundi, nakushauri umwendee kwanza mtu mmoja mwenye uwezo, mwenye hoteli Shela au mfanyabiashara wa mjini, umwombe abebe petroli na karani wa mwaka mzima, uandike ahadi yake. Hapo ndipo uwaambie wengine kwamba michango yao yote ni dawa, na liwe ni kweli. Asipopatikana, usiombe "mafuta". Omba siku moja ya kliniki Kizingitini, bei moja ikiwa na boti, nesi, barafu na dawa ndani yake, kila kimoja kimeandikwa kiasi chake. Boti ikirudi, mtumie kila aliyechanga ujumbe wiki hiyo hiyo: walitibiwa wangapi, dawa gani ziliisha, na kama safari iliahirishwa kwa sababu maji ya Mkanda yalitoka mapema, mwambie hilo pia.