Hapana, Powers hakuichonga peke yake

Wageni ninaowatembeza kwenye kumbi za sanaa wana swali moja ambalo sasa nalisikia hata usingizini: eti mchongaji Mmarekani Hiram Powers alishinda na patasi miaka mingapi kuchonga "Mtumwa wa Kigiriki", sanamu yake ya marumaru ya mwanamke mateka aliye uchi? Nikiwajibu kwamba patasi ilishikwa zaidi na mafundi wa Kiitaliano, nyuso zinawashuka, utadhani nimefichua wizi.

Wizi gani? Powers, mzaliwa wa Vermont aliyehamia Florence mwaka 1837, alifanya walivyofanya karibu wachongaji wote wa zama zile. Alifinyanga umbo kwa udongo mpaka akaridhika. Hapo ndipo ubunifu wake ulipo. Juu ya udongo ikamiminwa plasta kupata kalibu, na ndani ya kalibu plasta nyingine. Sanamu hiyo ya plasta, ya mwaka 1843, iko Washington, katika makumbusho ya sanaa ya Smithsonian. Isogelee uone: imejaa pini za chuma mwili mzima kama mtu aliyetokwa na vipele. Kila pini ni kipimo. Fundi alipima kwenye plasta, akahamishia kipimo kwenye jiwe, akatoboa hadi kina kile kile, akaondoa kilichozidi. Ndivyo zilivyopatikana sanamu sita za marumaru za ukubwa kamili. Anayehangaika kutafuta ipi kati yake ndiyo "halisi" anajichosha bure.

Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia: anza na plasta, marumaru baadaye.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba dhana hii, kuwa mchongaji lazima ashike patasi mwenyewe, iliwahi kugeuzwa silaha. Mwaka 1863 magazeti ya London yalidai kuwa "Zenobia", sanamu ya mchongaji wa kike Harriet Hosmer, ilichongwa na fundi wa Kiitaliano. Mbona wanaume wenye karakana zilizojaa mafundi hawakuulizwa? Hosmer akatishia kwenda mahakamani, na mwaka 1864 akaandika katika jarida la Atlantic Monthly akieleza hatua kwa hatua jinsi sanamu inavyotengenezwa. Mchongaji mwingine wa kike, Edmonia Lewis, mwenye asili ya Kiafrika na ya Waojibwe (wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini), alijulikana kule Roma kwa kushika patasi mwenyewe. La sivyo, maneno yale yale yangemfuata.

Madai mengine kuhusu sanamu ya Powers nayapitia haraka. Eti Wamarekani waliikataa kwa kuwa iko uchi: ilipozungushwa mijini kuanzia 1847 watu walilipa kiingilio, na wachungaji waliitetea. Eti weupe wake ndio Ugiriki wenyewe: Wagiriki wa kale walizipaka sanamu zao rangi. Eti haikugusa utumwa wa Marekani, kwa sababu mwanamke yule ni mateka wa Waturuki: mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, William Wells Brown, aliyekuwa ametoroka utumwani Marekani, aliweka kando ya sanamu hiyo kibonzo cha gazeti la Punch kilichomwonyesha mtumwa mweusi wa Virginia amefungwa minyororo.