Logibuku ya mtandaoni ya rubani na jinsi muda unavyohesabiwa

Logibuku ya rubani ni rekodi ya kila safari aliyorusha: tarehe, aina ya ndege na usajili wake (5Y- kwa ndege za Kenya), alikotoka, alikotua, muda uliotumika, na kama aliruka na mwalimu au akiwa rubani kiongozi. Ya mtandaoni huandika hayo hayo kwenye simu au kompyuta, kisha hujumlisha yenyewe.

Jina "muda wa kuruka" huwapotosha wengi. Kwa fasili ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hesabu huanza ndege inaposogea kwa nia ya kuruka, na hukoma inaposimama kabisa mwisho wa safari. Kwa hiyo dakika za kutambaa kuelekea barabara ya kurukia zimo. Dakika za injini kuunguruma kabla ndege haijasogea hazimo.

Tuseme mwanafunzi anatoka Kisumu (msimbo wa uwanja ni HKKI) kwenda Eldoret (HKEL). Ndege inasogea saa tatu na dakika kumi asubuhi na kusimama saa tatu na dakika hamsini na nane. Kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya Kenya kwa saa 3, anaandika 06:10 na 06:58. Aliyezoea saa zetu huandika 03:10 bila kufikiri. Jumla inabaki dakika 48, ndiyo maana kosa halimshtui. Lakini 03:10 UTC kwa programu ni saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, jua la Kisumu halijachomoza, na safu ya muda wa kuruka usiku inaweza kuingizwa dakika ambazo hakuruka gizani. Mkaguzi akiziona, atatilia shaka na kurasa nyingine.

Desimali nayo ina mtego: dakika 6 ni saa 0.1, hivyo dakika 48 ni 0.8. Ukiandika 0.48 umejipa kama dakika 29 tu. Safari 20 za namna hiyo husomeka saa 9.6 badala ya 16, na leseni ya rubani binafsi kwa kiwango cha ICAO hudai saa 40, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Saa za ndege ni ghali mno kupotezwa na nukta.

Mtandao ukikatika uwanjani, usibonyeze "hifadhi" mara mbili, safari hujirudia. Kila mwisho wa mwezi pakua nakala, linganisha na daftari la safari za ndege yenyewe, kisha mwalimu asaini. Usiache kitabu cha karatasi kabla KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, haijakuthibitishia kuwa itapokea rekodi yako ya mtandaoni.