Muuguzi mtabibu ni nani, na anapunguzaje foleni ya dharura?

Mpwa wangu alichomwa na ndoana akivuta mshipi pale Deep Sea, Tanga. Ilizama kidoleni hata ncha haionekani. Tulifika hospitali saa tatu asubuhi. Muuguzi alimtazama mapema, akajua kabisa kinachotakiwa, lakini kibali cha kuitoa hakuwa nacho. "Msubirini daktari." Daktari naye alikuwa na majeruhi wa bodaboda, na ndiko alikostahili kuwa. Saa saba mchana tukaitwa. Kazi yenyewe ilikwisha kabla sijamaliza kumpigia simu dada yangu.

Foleni ile ilitokana na kumngoja mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuamua, na hapo ndipo muuguzi mtabibu anaposaidia. Ni muuguzi aliyesajiliwa, akarudi chuoni, mara nyingi kwa shahada ya uzamili, akafundishwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa, na sheria ya nchi yake ikamruhusu. Kada hii ilianza Marekani mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, kwa juhudi za muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver.

Tusimchanganye na muuguzi wa triaji. Huyo hupanga wagonjwa kwa uzito wa hali. Katika mfumo uliotungwa Afrika Kusini wanapewa rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani. Anasema nani atangulie, basi. Muuguzi mtabibu humchukua yule wa kijani, mwenye kidonda cha kushonwa au kifundo kilichoteguka, akamhudumia mwanzo hadi mwisho na kumruhusu aende nyumbani. Daktari anabaki na wekundu, bila kuitwaitwa kwa ajili ya plasta.

Kwetu Tanzania tabibu, mhudumu wa afya aliye ngazi ya chini ya daktari, amekuwa akipima na kuandika dawa miaka mingi, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Ninachokitamani ni mtu wa namna hiyo awekwe karibu na mlango, kwenye chumba chake, akiwa na nyuzi, ganzi na chanjo ya pepopunda, kazi yake iwe wale wa kijani tu.

Asichoweza kukifungua ni msongamano wa wodini. Mgonjwa wa kulazwa akikosa kitanda, atabaki kwenye machela ya dharura hata wauguzi watabibu wawe kumi.