Je, wajua kwa nini mama katika Pride & Prejudice anahangaika mno kuwaoza binti zake?

Mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza filamu ya Pride & Prejudice ya mwaka 2005, ambayo Joe Wright aliiongoza kutokana na riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, huenda akamwona Bibi Bennet kuwa mama mwenye tamaa na kelele nyingi, kwa kuwa kijana tajiri akihamia jirani tu, tayari kwake ni mkwe. Hukumu hiyo haimtendei haki. Mama huyu ana binti watano, hana mtoto wa kiume, na nyumba wanayoishi itawatoka mikononi siku mumewe atakapofariki.

Katika Uingereza ya wakati huo, wenye ardhi waliweza kuifunga mali yao kwa hati iliyoamua mapema nani atairithi, ili shamba lisigawanywe vipande na jina la ukoo lisififie. Masharti ya Longbourn, makazi ya akina Bennet katika jimbo la Hertfordshire, yalimtambua mrithi wa kiume peke yake. Kwa hiyo mali ilikuwa iende kwa Collins, kasisi ambaye ni ndugu wa mbali. Ieleweke kwamba hakukuwa na sheria ya kuwazuia wanawake wote kurithi ardhi: katika riwaya hiyohiyo, Lady Catherine de Bourgh, mjane tajiri, anaeleza kwamba ukoo wa mumewe haukuona haja ya kuwatenga wanawake. Akina Bennet waliumizwa na uamuzi wa ukoo wao wenyewe, na pia uzembe wa baba, ambaye hakuweka akiba kwa kuwa alitarajia kupata mwana ambaye, akishakuwa mtu mzima, angeungana naye kuyavunja masharti hayo. Mwana hakuzaliwa.

Hesabu zenyewe zinatisha. Bwana Bennet alipata pauni 2,000 kwa mwaka, lakini fedha zilizotengwa kwa ajili ya mkewe na watoto zilikuwa pauni 5,000 tu. Kwa riba ya asilimia 4, zingezaa pauni 200 kwa mwaka, sehemu ya kumi ya pato walilolizoea, nazo zingewatunza wanawake sita. Kazi iliyokubalika kwa msichana wa tabaka lao ilikuwa karibu moja tu, kufundisha watoto katika nyumba za matajiri, nayo ilimshusha hadhi. Ndiyo maana Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka 27 na rafiki wa Elizabeth, binti wa pili wa akina Bennet, anaikubali posa ya Collins bila mapenzi. Filamu inampa nafasi ya kusema waziwazi kwamba anaogopa, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo filamu hii inasema kweli zaidi.

Kwa kuwa ndoa ndiyo iliyokuwa kinga, jina jema la msichana lililindwa kwa ukali. Lydia, binti mdogo kabisa, anapotoroka na Wickham, ofisa wa jeshi, bila kufunga ndoa, aibu yake inatishia kuwafungia milango dada zake wote. Hapo ndipo linapopata uzito lile tukio dogo ambalo Darcy, kijana tajiri anayempenda Elizabeth, anamshika mkono kumpandisha kwenye gari la farasi, kisha anakwenda zake akivikunjua vidole: mwanamume na msichana wasio wachumba hawakugusana ila katika dansi na katika adabu za namna hiyo. Baadaye filamu yenyewe inaivunja kanuni hiyo, pale wawili hao wanapokutana alfajiri kwenye uwanda wa nyasi, Elizabeth akiwa na koti juu ya vazi la kulalia, jambo ambalo katika zama zao lingezua kashfa.

Collins alikuwa amekuja Longbourn akikusudia kumwoa mmoja wa mabinti ili kufidia hasara atakayowaletea. Elizabeth anapomkataa, anaikataa pia njia pekee iliyokuwapo wakati ule ya kuibakiza nyumba katika familia yao. Alikuwa na haki ya kukataa, na baba yake akamuunga mkono. Lakini katika filamu, wanapobishana kando ya ziwa baada ya posa hiyo kukataliwa, ni mama peke yake anayemsihi aifikirie familia.