Kompyuta ya zamani ya ofisini usiiwashe kwanza, toa imeji ya hadidiski yake

Juzi katibu wa chama kimoja cha ushirika alituletea kwenye kitengo chetu cha nyaraka kompyuta iliyofungwa kwenye gunia, imekaa stoo miaka na miaka, anasema humo ndo kuna daftari la wanachama wote wa zamani na karatasi zake zililiwa na mchwa. Akauliza soketi iko wapi. Nikamwambia hapana mzee wangu, tusiiwashe kwanza. Akashangaa, na wengi huwa wanashangaa, kwahiyo naomba nielezee.

Hadidiski ya zamani, yaani kile kifaa cha ndani kinachotunza mafaili, ina sahani zinazozunguka na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikilala miaka mingi grisi inaganda, vichwa vinaweza kunata kwenye sahani, na kuna hadidiski za kampuni ya Quantum za miaka ya 1990 ambazo raba ya ndani inayozuia mkono wa vichwa inalainika mpaka inakuwa kama gundi. Yaani siku ukiiwasha inaweza kuwa ndo mara ya mwisho inazunguka, sasa hiyo mara moja usiimalize kwa kufungua folda moja moja. Alafu Windows yenyewe ikiwaka inaandika vitu kwenye diski bila kukuuliza, na ukichomeka diski ya Macintosh ya zamani inaweza kukuambia haijafomatiwa, mtu anabonyeza ndiyo, basi, kwisha.

Imeji ni faili moja lenye kila sekta (kipande kidogo) ya diski kwa mpangilio wake, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, hata yale mafaili yaliyofutwa ambayo bado hayajaandikiwa juu. Kukopi na kupesti hakukupi hicho. Na nafasi sio tatizo, diski ya MB 40 imeji yake ni ndogo kuliko video moja ya harusi.

Hadidiski unaitoa na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ya kutolea imeji, kwahiyo angalia kebo kwanza. Pini 40 ni aina inayoitwa IDE, hizo nyingi zinasomeka kwa adapta ya USB, ila zile za mwanzo kabisa adapta haizioni, tafuta kompyuta yenye soketi ya IDE yenyewe uiwashe kwa Linux (mfumo wa kompyuta wa bure) kutoka kwenye CD. Ukikuta kebo mbili, moja pini 34 nyingine pini 20, hiyo ni ukoo wa hadidiski ya Seagate ST-506 ya mwaka 1980, adapta ya USB hapo haikusaidii kitu, na tafadhali sana ile kadi iliyokuwa inaiendesha usiitupe, kwasababu diski iliyofomatiwa na kadi moja mara nyingi haisomeki na kadi ya aina nyingine. Siku hizi kuna kifaa kinachofungwa kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja iitwayo BeagleBone, kinasoma mawimbi yenyewe ya sumaku, na ndo hicho tunachotumia.

Andika pia namba za kwenye lebo maana batri ya mazabodi ikifa kompyuta inazisahau. Mfano hadidiski ya Seagate ST-225: silinda 615, vichwa 4, sekta 17 kwa kila njia, baiti 512 kila sekta, zidisha unapata baiti 21,411,840, imeji ikiwa pungufu ya hapo haijakamilika.

Programu ninayoiamini ni ddrescue, ya bure. Inachukua kwanza sehemu zisizo na ubovu, ikikutana na sekta mbovu inairuka na kuiandika kwenye faili la ramani, ndo baadae inairudia taratibu, na umeme ukikatika katikati inaendelea ilipoishia. Ikimaliza piga hesabu ya SHA-256, yaani alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika, iandike, weka nakala sehemu mbili tatu tofauti, na kazi zote fanyia kwenye nakala.

Diski ya katibu ilikuwa IDE, sekta chache tu ziligoma, na majina yalikuwa kwenye mafaili ya dBase, programu ya zamani ya kutunzia orodha, ambayo LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inayafungua vizuri kabisa. Mzee alikaa anayasoma kwa sauti jina baada ya jina, hatukuwa na haraka ya kumtoa.

Ila ukiiwasha ukasikia tak tak tak, zima hapohapo. Usiifungue, usiiweke kwenye friza kama mafundi wengine wanavyoshauri maana unyevu utaingia, ifunge kwa kitambaa uilete pamoja na kadi na kebo zake zote.